Tope la Fungu la Nyange

Siku niliyoagwa kazini nilipewa doti ya kanga, saa ya ukutani na hotuba. Kanga naivaa. Saa haikuja na betri, kwa hiyo inakwenda kwa mwendo uleule wa ofisi yetu. Hotuba ilisema nimelinda rasilimali za bahari kwa uadilifu wa hali ya juu, na msemaji, ambaye alikuwa amehamia Kibiti juzijuzi tu, alinitaja kwa jina la mtu mwingine tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimpigia makofi mtu huyo kwa moyo wote. Inaelekea alifanya kazi nzuri sana.

Baada ya pilau mkanizunguka, ninyi vijana wa idara, mkasema, "Mama, tuachie neno." Nadhani mlitaka nasaha za kuweka kwenye simu. Sina. Nilichonacho ni tope. Nusu ya maisha yangu ya kazi nimelipima tope, nimelinusa, nimelikausha kwenye majiko ya watu, na nimegombana na wakubwa kwa ajili yake. Basi kaeni niwaeleze tope linavyoyafanya matumbawe, na watu wanavyofanya tope likishamaliza kazi yake.

Mimi ni mtoto wa Mtunda, wa wakulima wa mpunga. Kwetu mto ukifurika kwa adabu, ukapanda mashambani, ukaacha tope lake na kurudi zake, watu humshukuru Mungu. Tope jipya ndilo mbolea, na mbolea hiyo haina foleni wala vocha. Kwa hiyo nilipofika chuo cha uvuvi na mwalimu akasimama kutuambia kwamba adui mmojawapo wa miamba ya matumbawe ni mashapo, yaani udongo na mchanga unaoletwa na maji, nilidhani ana ugomvi wake binafsi na wakulima.

Nikapangiwa Kibiti. Wakati huo Kibiti haijawa wilaya. Ulikuwa mji wa barabarani, basi linasimama, abiria wananunua korosho na kuuliza kama Ikwiriri bado mbali. Ofisi ya uvuvi ilikuwa na meza moja, viti ambavyo havikuwahi kuwa na miguu yote kwa siku moja, na picha kubwa ya samaki asiyepatikana katika bahari hii. Niliombwa vyeti na picha za pasipoti. Hakuna aliyeuliza kama najua kuogelea, nami nikanyamaza. Bwana Mifugo wa chumba cha pili naye hakuwa na mkia.

Aliyeuliza ni Dakta Rehema. Huyu alikuwa mtafiti, mama mfupi, mnene, mtafunaji wa karafuu, mwenye sauti ya kusimamisha boti bila kamba. Alikuja kuchunguza matumbawe yanayotazamana na Delta ya Mto Rufiji, akataka afisa wa kumfuata. Wakubwa wakanitoa mimi, kwa kuwa huko baharini hakukuwa na kivuli wala chai ya saa nne.

"Unaitwa nani?"

"Mwajuma, Dakta."

"Unaogelea?"

"Hapana, Dakta."

"Afadhali. Wanaojua kuogelea hudhani wanaijua na bahari."

Nilidhani ni mzaha. Tuliondoka Nyamisati na boti ya fiba, tukapita mikokoni, tukatoka mlangoni mwa mto kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, mimi nikitapika upande mmoja na yeye akila maandazi upande wa pili. Tulipofika Fungu la Nyange, ambalo maji yakipwa huwa kisiwa cha mchanga chenye mwamba wa matumbawe ubavuni, alinifunga kamba kiunoni, akanivalisha miwani, akanitia majini kama mtu anayechovya mkate. Huko mikokoni asingethubutu. Mamba wa Delta, alisema, hawatofautishi mwanafunzi na kitoweo.

Ilinichukua miezi kujifunza, na kila siku ya miezi hiyo nilimchukia. Lakini siku ya kwanza niliyoweza kuinamisha uso na kutulia, niliona kitu ambacho hakuna mwalimu aliyekuwa amenieleza vizuri. Nilikuwa nimezoea kuyaona matumbawe kwenye kuta za nyumba za kale, mawe makavu. Kumbe mawe yale ni nyumba tu. Wenyewe ni wanyama, wadogo kama punje ya mtama, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na mikono yake midogo mdomoni. Mengine yameota kama mapembe ya swala, mengine kama sahani, mengine kama maboga makubwa. Na juu ya boga moja palikuwa na vumbi la tope linalosogea. Linasogea lenyewe, polepole, kuelekea ukingoni, mpaka likadondoka.

Nilipopanda botini nikauliza.

"Linafagiwa," Dakta alisema. "Tumbawe likiangukiwa na tope hutoa ute, likalifungafunga lile tope, kisha vinywele vyake vidogo vinalisukuma nje. Sasa wewe niambie: mwanamke anayefagia uwanja kutwa nzima, na kila akigeuka kuna mtu anamwaga taka nyingine, atapika saa ngapi?"

"Hatapika."

"Basi ndivyo tumbawe linavyokufa. Haliuawi siku moja. Linachoshwa."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vyenye majedwali marefu, lakini vyote vinasema hivyohivyo kwa maneno ya gharama zaidi. Mchanga mzito huviringika ukaanguka. Hauna madhara sana. Hatari ni tope laini, lile linalonata. Likichanganyika na ute huwa kama ugali, linaganda juu, na chini yake hewa inakwisha, nyama inaoza. Hata lile linaloelea bila kutua hufanya dhambi yake, kwa sababu ndani ya tumbawe mna vijimea vidogo vinavyolipikia chakula kwa mwanga wa jua, na maji yakiwa kama chai, jiko limezimwa. Isitoshe, mtoto wa tumbawe anayetafuta pa kukaa anataka jiwe safi. Hakuna anayejenga juu ya uji.

Mitego yetu ya kupimia ilikuwa mabomba ya plastiki yaliyozibwa chini, tunayasimamisha kwa nondo pembeni mwa matumbawe. Kinachoanguka kinaingia, baada ya muda tunakwenda kukitoa, kukikausha na kukipima uzito. Mabomba tuliyanunua pale mjini kwa Bwana Nurdin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo babu yake ndiye aliyelifungua. Bwana Nurdin alitazama vipimo, akavua miwani.

"Bibi Samaki," alisema, "bomba za choo hizi. Unapeleka baharini?"

"Ndiyo."

"Samaki sasa wanajenga vyoo?"

"Wanapelekewa tope, Bwana Nurdin. Tunataka kujua ni kiasi gani."

Akanifungia bomba zangu kwa kamba, akasema kwa upole kwamba hata serikali ikitaka kitu cha maana itajifunza tu. Tangu siku hiyo kila nikiingia dukani huuliza hali ya vyoo vya samaki, na mimi humjibu kwamba bado vinajaa.

Nilikwenda Mtunda likizo, nikamweleza baba niliyojifunza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua mbegu.

"Yaani tope linaua?"

"Linaua matumbawe, baba. Si mpunga."

"Tope lile lile?"

"Lile lile. Likiwa shambani ni neema, likifika kule likawa jingi ni balaa."

"Tope hilo ndilo lililokusomesha," alisema. "Chunga ulimi." Kisha akafikiri, akaongeza, "Wasiolitaka huko waturudishie."

Sijapata bado kusikia pendekezo bora zaidi katika semina yoyote, na nimekaa kwenye semina nyingi.

Ukaja mwaka wa mvua mbaya. Mto ulijaa mpaka barabara ikakatika, na maji mekundu yakaingia baharini mbali kuliko wazee walivyokumbuka. Tuliporudi Fungu la Nyange nililia ndani ya miwani, jambo ambalo siwashauri, halina faida. Matumbawe ya sahani yalikuwa yamezikwa, kwa sababu sahani kazi yake ni kupokea. Yale ya mapembe yalisalimika nusu. Maboga yalikuwa na kofia ya tope utosini, lakini ubavuni yako hai. Dakta aliniambia nisubiri. Nikasubiri. Msimu wa upepo wa kusi ukaja na mawimbi yake, ukapiga, ukafagia, na mwaka uliofuata maboga yalikuwa yamejisafisha. "Haya yamezaliwa mlangoni mwa mto," Dakta alisema. "Yameuzoea kama mke alivyomzoea mume mlevi. Anajua atarudi lini na ataanguka wapi." Hapo ndipo nilipojua sura ya tope la mto: la kahawia, laini, limejaa vipande vya majani ya mikoko, linakuja na masika na kuondoka na kusi.

Nawaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Miaka ikaenda, Dakta akastaafu akarudi kwao Tanga, mimi nikawa ndiye ninayewavalisha wageni miwani na kuwauliza kama wanaogelea. Kisha ukaja mradi wa gati. Gati lenyewe silikatai. Watu wa Delta wamebeba wagonjwa kwa mitumbwi vya kutosha. Ila ili matishari yapite, mlango wa mto ulipaswa kuchimbwa kina, na mkandarasi akaleta mtambo wa kunyonya udongo chini ya maji. Udongo ukinyonywa lazima utapikwe mahali. Mkataba ulisema ukatupwe nje kabisa, kwenye bahari kuu. Lakini bahari kuu iko mbali na mafuta yanakwisha, kwa hiyo ukawa unatupwa pale maji ya kahawia yanapokutana na ya bluu, hatua chache kutoka Fungu la Nyange.

Fungu lile lilikuwa na wenyewe. Wanawake wa kijiji cha kisiwani karibu na hapo, Mkunguni, walikwenda kila bamvua, maji yakipwa sana, kuchokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba kwa vyuma vyembamba. Kiongozi wao alikuwa Bi Tatu, mjane, mrefu, mwenye mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyenipigia simu.

"Bibi Samaki, njoo utazame. Pweza wamehama na mwamba unanuka."

"Unanukaje?"

"Unanuka yai la mwaka jana. Njoo."

Nilizama. Ilikuwa kiangazi, mto uko chini, maji yalipaswa kuwa safi. Sikuona mkono wangu. Nilipofika chini nikapapasa boga moja nililolijua tangu ujana wangu, mkono ukazama kwenye kitu kama uji wa mgonjwa. Nikakifuta, chini yake nyama imekuwa nyeusi. Na lile tope halikuwa la kahawia. Lilikuwa la kijivu, la kukaribia bluu, udongo mfinyanzi wa chini kabisa ya mlango, na ndani yake vipande vya magamba ya chaza waliokufa kabla mimi sijazaliwa wala mradi haujafikiriwa. Mto haubebi udongo huo. Huo unatolewa kwa mtambo. Mitego yetu ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

Niliandika nilichokiona nikapeleka kwa mkuu wetu wa idara wa wakati huo, bwana mmoja nadhifu aliyeipenda bahari kwa umbali. Alisoma ukurasa wa kwanza.

"Mwajuma," alisema, "wewe unataka maendeleo yasije?"

"Nataka yatupe udongo wake pale yalipoahidi."

"Tutaleta mshauri elekezi. Mtu huru."

Mtu huru akaja, analipwa na mkandarasi. Alikaa siku chache, akazama mara moja, akaandika. Kisha tukaitwa mkutano wa wadau pale mjini, ukumbi una feni, maji ya chupa na vitambaa vya meza. Bi Tatu na wenzake wakawekwa nyuma kabisa, kwenye viti vilivyoandikwa "jamii". Mshauri akatuonyesha kwenye ukuta kwamba matumbawe ya Fungu la Nyange yameathirika kutokana na shughuli zisizo endelevu: uvuvi wa baruti na kukanyagwa na wachokoa pweza. Kuhusu tope alisema ni hali ya asili ya Mto Rufiji tangu enzi na enzi.

Bi Tatu akanyoosha mkono. Hakuruhusiwa. Akasimama hivyohivyo.

"Mimi naomba kuuliza. Mwamba umekufa mpaka chini, pima nne. Huko nimekanyaga mimi kwa miguu ipi?"

Watu wakacheka. Mkuu wetu akasema ni swali zuri na litachukuliwa. Nami nimejifunza kwamba swali likichukuliwa halirudishwi.

Nikasimama. Nilikwishampigia Dakta Rehema simu Tanga usiku wa kuamkia mkutano, naye aliniambia maneno machache tu: "Usibishane nao kama tope linaua. Waulize limetoka wapi." Nikasema baruti huvunja, huacha shimo na kifusi. Matumbawe yetu yamesimama wima, mazima, yamekufa yakiwa yamevaa tope. Nikasema mto kiangazi haushushi tope, na tope la mto si la kijivu. Kisha, kwa kuwa niliona nyuso zimeanza kutafuta saa, nikatoa mtego mmoja niliokuwa nao kwenye mfuko, bomba lililozibwa kwa mfuniko, nikafungua.

Vijana wangu, ile harufu sikuiagiza. Udongo uliokosa hewa hutoa hewa yake yenyewe. Feni ikaipokea, ikaigawa kwa usawa, jambo ambalo ukumbi ule haukuwahi kuona. Mwakilishi wa mkandarasi alifunika pua na tai. Mama wa itifaki akakimbilia dirishani.

"Funga kitu hicho!" mkuu alipiga kelele.

"Hiki ndicho matumbawe yanachovuta, mzee. Ila yenyewe hayawezi kutoka nje."

Nilidhani nimeshinda. Mkutano ukaahirishwa kwa chai. Baada ya chai ukasomwa uamuzi uliochapwa tangu asubuhi: Fungu la Nyange limefungwa kwa shughuli zote za kuchokoa pweza mpaka itakapotangazwa tena. Kuhusu udongo, mkandarasi anashauriwa kuwa makini.

Nilimkuta mshauri nje, amesimama na sambusa.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mimi si mjinga. Niliona ulichokiona."

"Mbona hukukiandika?"

"Hadidu za rejea zilinitaka nitathmini athari za jamii. Tope halikuwamo kwenye hadidu za rejea."

"Na matumbawe yalikuwamo?"

Akachukua sambusa nyingine. Nawaambia hili ili mjue: wengi mtakaobishana nao hawahitaji kufundishwa. Wanajua. Mjinga unaweza kumwelimisha. Mwenye mkataba utamwelimisha nini?

Kazi ya kutekeleza uamuzi nikapewa mimi. Nenda Mkunguni, mkuu alisema, ukakusanye vyuma vyao vya pweza. Nikaenda. Wanawake walikwishajua; habari mbaya haingoji boti. Walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Tatu, vyuma vyao vimelazwa juu ya jamvi.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, Bibi Samaki. Hivyo hapo. Vingine vina kutu, usije ukajikata."

Nilivitazama. Nilifikiri miaka yangu yote ya kuwaambia wanawake hawa msichukue pweza mdogo, msivunje mwamba, na wao wakasikia. 

"Sivichukui," nilisema.

"Kwa nini?"

"Sijaona bado chuma kilichotapika tope."

Nilitarajia, sijui, pengine shukrani. Bi Tatu aliniangalia kama anayetazama mtoto aliyemwaga mchuzi.

"Usipovichukua wewe atatumwa mwingine. Na huko kwenye mwamba pweza hayupo hata ukituachia. Huruma yako nzuri, mwanangu, lakini haichemshwi ikaliwa."

Alikuwa sahihi. Msimu ule baadhi ya wanawake wale walikwenda kukata kuni kwenye mikoko, wakafukuzwa na afisa wa idara nyingine, ambaye naye alikuwa akilinda mazingira. Wengine walihama wakawafuata watoto wao Mbagala.

Mimi niliporudi mikono mitupu nilihamishwa ndani ya wiki. Nilipelekwa Chumbi kusimamia mabwawa ya samaki. Mabwawa yalikuwapo. Samaki walikuwa kwenye taarifa. Majini mlikuwa na vyura, vyura wenye afya, wa sauti mbalimbali, na kila mwezi nilitakiwa kueleza maendeleo yao, nami nilieleza: wanaongezeka. Hakuna aliyeuliza ni nani wanaongezeka. Asubuhi nilikaa ukingoni nikatazama maji yaliyotulia, nikajisikia mtu aliyezikwa akiwa bado ana njaa. Sitawaficha, nililiwaza suala la kuacha kazi. Dakta Rehema aliniambia kwenye simu, "Ukiacha, watakuandikia hotuba nzuri." Nikabaki.

Kilichonirudisha si haki. Ni mgeni. Mgeni mkubwa alikuja kukagua mradi, na mkuu wetu akahitaji mtu wa kumweleza mlango huu unaitwaje na kisiwa kile kinaitwaje, kwani yeye mwenyewe hakujua. Nikaletwa kutoka Chumbi, nikavalishwa fulana ya mradi. Tukapanda boti kubwa ya mkandarasi: mgeni, mkuu, mwakilishi wa mkandarasi, wapiga picha, sanduku la soda na biriani kwenye ndoo. Maji yalikuwa yanapwa. Tukaingia katikati ya mlango mpya uliochimbwa, boti ikakohoa, ikalala ubavu kidogo, ikatulia. Tumekwama.

Mlango ulikuwa umejaa tena.

Jua lile, vijana. Boti haikuwa na turubai, kwa sababu wapiga picha walitaka mwanga. Biriani likaliwa, soda zikaisha, mgeni akavua koti, akavua tai, akaanza kupumua kwa kinywa. Mtandao hakuna. Maji ya kutunyanyua yangerudi jioni. Ndipo zikatokea ngalawa mbili kutoka upande wa Fungu la Nyange, na kwenye ya mbele, amesimama kama bendera, Bi Tatu.

"Waheshimiwa," alisema, "mnapunga upepo?"

Mkuu wetu akamwomba atupeleke gati. Aliomba vizuri, kwa neno "mama" mara nyingi. Bi Tatu akasema hakuna neno, ila wapandishe suruali. Wakapandisha. Wakateremka kwenye tope mpaka magotini, mmoja akaacha kiatu chake humo hadi leo. Walipokaa ngalawani hapakuwa na pa kukaa ila juu ya vikapu, na vikapu vilikuwa na pweza. Wachache, wadogo, wa ukingo wa juu wa mwamba ambako tope lilikuwa halijatua sana. Lakini pweza, na kutoka kwenye fungu lililofungwa. Mkuu wetu aliyesaini kufungwa kwake alikaa juu ya mmoja aliyekuwa bado hai. Nilimwona anasogeasogea. Hakuuliza kitu. Bi Tatu naye alitazama mbele kwa heshima kubwa.

Mgeni alipopata pumzi akauliza, "Mlango umechimbwa juzi, kwa nini umejaa?"

Mwakilishi wa mkandarasi akaitazama bahari. Mkuu akakohoa. "Mtaalamu wetu atafafanua," alisema, akaninyooshea mkono, na nikakumbuka kuwa mimi ni mtaalamu wao.

Nikafafanua. Udongo ukitupwa karibu, maji yakijaa huuzoa, huupitisha juu ya Fungu la Nyange, mwingine unabaki pale na kuua matumbawe, mwingine unarudi palepale ulipotolewa. Mnachimba udongo mmoja kila mwezi.

"Kwa hiyo unarudi mlangoni?" mgeni aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Na matumbawe yana…"

"Unarudi mlangoni," alirudia, akimgeukia mwakilishi. "Hili ni jambo zito sana."

Matumbawe hakuyauliza. Lakini wiki iliyofuata udongo ulianza kupelekwa bahari kuu, kule mkataba uliposema tangu mwanzo, na mimi nikarudishwa Kibiti bila maelezo, kama nilivyoondolewa. Baadaye nilisikia mkuu akieleza kwenye warsha jinsi idara ilivyogundua tatizo hilo kwa njia shirikishi. Ni kweli. Alishiriki kwa kukalia.

Mwamba haukurudi ulivyokuwa, na atakayewaambia umerudi ana mradi wa kuuza. Matumbawe ya sahani yalikwisha, mwani ukaota juu ya mifupa yake. Mengi ya maboga yalikufa utosini yakabaki hai kama sketi chini chini. Ilibidi misimu kadhaa ya kusi ipige kabla sijaona, kwenye jiwe moja upande wa mkondo, tumbawe jipya, dogo kama kishikizo cha shati. Nilikaa nalo mpaka mtungi wa hewa ukanikaripia. Nilitaka kumpigia Dakta simu, lakini wakati huo alikwisha kufariki, Mungu amrehemu, basi nikamwambia Bi Tatu. Akauliza, "Pweza atakaa humo lini?" Nikamwambia wajukuu zake wataona. Akasema basi nisimsumbue, niwaambie wajukuu.

Kilichobaki ni amri. Fungu la Nyange lilifungwa "mpaka itakapotangazwa tena", na halikutangazwa tena, kwa sababu kulifungua kungetaka mtu aseme kwa nini lilifungwa. Wanawake walirudi wenyewe, bamvua moja baada ya jingine, wachache kuliko zamani, na ofisi ikajifunza kutotazama upande huo. Nami nikawaendea kila msimu kuwakumbusha wamwache pweza mdogo, wakae mbali na matumbawe machanga. Walikuwa wakinisikia.

Wiki yangu ya mwisho kazini mkuu mpya, yuleyule wa hotuba, alikuta jambo hilo kwenye makabrasha yake. Akaniita, uso umekunjamana.

"Mama, kuna wanawake wanachokoa pweza kwenye eneo lililofungwa kisheria. Hili limeachwaje miaka yote? Naomba ulishughulikie kabla hujaondoka."

Nikasema sawa, mkuu. Nikapanda boti, nikaenda Mkunguni. Bi Tatu sasa haendi mwambani, magoti yamegoma. Anakaa barazani akiamuru wengine. Alikuwa amepika pweza kwa tui zito, na wali.

"Umetumwa tena?" aliuliza.

"Nimetumwa nilishughulikie suala lenu la pweza."

"Basi nawa mikono," alisema.

Nikanawa. Nikalishughulikia mpaka sahani ikawa nyeupe, nikaomba na ukoko.